Bega la Kushoto

Batuli, mtoto wa dada yangu, kapandisha darubini
juu ya sutuhi ya nyumba yetu, Kibokoni,
kati ya tangi la maji na kamba ya nguo.
"Tazama, mjomba."
Natazama. Zohali inatokota
kama kaimati ndani ya mafuta,
pete yake inalegea, inakaza, inalegea.

Nikatoa kitambaa mfukoni nifute kioo.
Akanishika mkono. "Kioo ni safi.
Kichafu ni hewa."

Akanionyesha mabati ya jirani, ukuta wa mawe,
saruji tuliyoikanyaga: vyote vimekunywa jua mchana kutwa
na sasa vinalicheua.
Joto lapanda, baridi yashuka, zapigana vikumbo,
na kila kikumbo chaipinda nuru unywele mmoja.
Nuru hii, akasema, iling'oka Zohali kabla ya adhana ya isha,
ikakata giza lote bila kujikwaa,
ikaja kujikwaa hapa, kizingitini.

Huko kazini kwake, mlimani, jangwani, mbali na jamaa,
wana dawa.
Kioo chembamba,
nyuma yake vidole elfu moja,
kila kimoja chasukuma au chavuta
kiasi ambacho sindano yangu nyembamba kabisa
ingeonekana mnazi kando yake.
Mara elfu kwa sekunde kioo chajikunja,
wala si ili kinyooke. Chakosea makusudi:
hewa ikiinama huku, chenyewe chainama kule,
makosa mawili yakutane, yafutane.

"Na chajuaje hewa imekosea vipi?"
Swali la fundi. Hukati usichopima.

Akacheka. Wanarusha mwale wa rangi ya chungwa
maili hamsini na ushei kwenda juu,
palipo na sodiamu, nduguye chumvi,
vumbi lililoachwa na vimondo.
Mwale unaligusa, linawaka: nyota.
Nyota ya bandia. Wameiwasha wenyewe, wanaijua ilivyo,
basi ikionekana imekwenda upogo, upogo si wake.
"Timazi," nikamwambia.
"Timazi," akakubali, "ila hii imetundikwa na mbingu."

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimesharudi dukani,
mbele ya Bwana Khatwabu, karani wa bandarini,
bega la kushoto limeshuka tangu mzigo ulipomgonga.
Mafundi wengine walimshonea kanzu sawasawa,
na usawa ule ndio uliomtangaza, safu nzima ya msikiti.
Mimi nilikata upogo.
Pamba kidogo begani, upindo juu vidole viwili.
Shida ilikuwa kupima: akiuona utepe tu
huona haya, akaliinua bega.
Ilibidi niwe mwepesi kuliko haya yake.
Siku ya kuivaa alijitazama kiooni,
akajitazama tena,
akatoka bila kudai chenji.

Kanzu yake ya mwisho haikumuwahi.
Iko msumarini, nyuma ya cherehani.
Wateja hucheka: "Fundi, hii imekwenda kombo."
Imekwenda kombo, kweli.
Inalijibu bega ambalo halipo.

"Hicho kioo chenu," nikamuuliza Batuli,
"kukicha, mkishafunga kazi, hubaki kimepinda?"
"Tukikizima hulala bapa. Hakikumbuki kitu."
Sikujua nikionee wivu au huruma.

Tukairudia darubini yake ndogo isiyo na vidole.
"Subiri tu," akasema. "Mara moja moja hewa hujisahau."
Nikasubiri, jicho moja nimelifumba, kiuno chalalama.
Pampu ya jirani ikanguruma, ikazimika,
na kwa muda wa kutunga uzi sindanoni
pete ikasimama, nyembamba kama upindo wa hariri,
na kati yake na sayari, giza safi.

Nikafungua kinywa kumwita aone.
Ikatokota.